Nafasi ya Kidole

Rongo, Jumapili

Mama Sheila wangu,

Kwa heshima zote natangaza kwamba jogoo wetu ameacha kuwika. Sisi wengine hatujambo.

Umeniuliza kuhusu foki ya baiskeli ya kina Maroa, majirani zako wapya huko Homa Bay. Ukurasa mzima, mke wangu. Mimi nimepata “salamu”. Haya, mwambie Maroa miguu ya foki, ile inayoshika gurudumu la mbele, husukumwa juu kwenye vishikio vyake chini ya usukani, mbele pashuke, baiskeli ikate kona vizuri. Lakini kuna mwisho. Atoe hewa yote iliyo ndani ya foki, aibonyeze kabisa: juu ya tairi pabaki nafasi ya kidole. Kidole chake, si chako. Akizidisha, siku ya mashindano tairi litagonga foki, naye atafika chini ya mlima Asego kabla ya baiskeli.

Kwanza nilikuandikia ashushe apendavyo. Karatasi hiyo nimeichana.

Hewa ya foki nayo hufuata uzito wa mpandaji, ndiyo. Ila nieleze umejuaje kwamba ana kilo sitini.

Wako bado,
Baba Sheila

Nyongeza: Maroa mwenyewe ameingia karakanani kwangu hapa Rongo sasa hivi. Baiskeli ni ya mkewe. Kilo sitini pia ni za mkewe.