Kilo Mbili za Sukari

Kibiti, Ijumaa, 1993

Uniwie radhi, daftari. Miezi minne sikukugusa.

Binti yangu Zuhura ana mimba ya miezi saba, na ana kisukari. Leo mama mkwe wake amefika kutoka Salale kumtazama mgonjwa, na kwa kuwa ni mstaarabu hakuja mikono mitupu. Ameleta kilo mbili za sukari. Zamani tuliipangia foleni. Sasa imejaa madukani, na adabu imezidi.

Ameleta pia vidonge vya vitamini. Akaniambia: “Mkwe, mwenye duka kasema vinalinda ubongo wa mtoto. Basi chai na anywe tu!”

Sumu na kinga katika kikapu kimoja. Ndiyo faida ya biashara huria.

Mkunga alitueleza wazi: vitamini, mboga na matunda huenda vikasaidia, lakini sukari ikipanda, ubongo wa mtoto huumia. Dawa ni sindano za insulini.

Bibi huyu anataka kumchukua kesho akajifungulie Salale, kusiko na jokofu la kutunzia insulini. Nimekataa. Mume wa Zuhura ameomba afikiri hadi asubuhi.

Naogopa, nakiri.

Akishaamua nitaandika. Kwa sasa begi la Zuhura limo kabatini, na ufunguo ninao mimi.