Aliyeikalia Makala Yangu

Dada Mwanaidi, shikamoo. Huku Uluguru mvua haikatiki, nami nakuandikia kwa hasira.

Unaikumbuka makala yangu ya vyura, ile ambayo jarida liliwapa wataalamu wawili waipitie kabla ya kuichapisha, mimi nisijue majina yao wala wao langu? Mwaka mzima nasubiri majibu. Leo mchana tumejikinga mvua kwa mama mmoja, akatupikia ndizi na maharage. Mhadhiri niliyepanda naye mlimani, mzee ninayempa shikamoo kila asubuhi, akasema huku anatafuna, "Nimeletewa makala ya vyura wa huku huku niihakiki. Nimeikalia. Kwanza nitoe yangu."

"Na mwandishi wake?"

"Asubiri. Sote tulisubiri."

Akataja kijito, akataja na rangi ya mapaja yao. Ni vyura wangu, Dada. Ndizi zilinishinda. Mhariri nimeshamwandikia yote.

Nibusie watoto, na umwambie mama koti lake limenifaa sana. Kesho asubuhi yule mzee atangoja shikamoo yangu. Asubiri. Sote tulisubiri.

Mdogo wako, Rehema