Bibi na glasi zake

Jumanne usiku

Mwanzoni nilijiuliza kwa nini daktari hakuanza na tumbo. Utumbo wa Bibi umejisokota, lazima apasuliwe leo leo, na yeye anauliza kwa Kifaransa: wiki mbili zilizopita alikuwa anatembea? Anaoga mwenyewe?

Nikamtafsiria Bibi. Akajibu haraka: "Mwambie mi natembea mpaka soko ya Bwiza."

Si kweli. Ni mimi ninayemwogesha, na alinikataza kumwambia mtu.

Mimi, ambaye darasani sinyanyui hata mkono, nilisema yote kwa Kifaransa ili Bibi asielewe. Daktari akashukuru. Sasa anajua dawa ya usingizi wampe kiasi gani, na kwamba baada ya upasuaji asiachwe peke yake. "Elle est fragile," akamwambia muuguzi, yaani ni wa kuvunjika upesi.

Neno hilo, "fragile", Bibi analijua. Limeandikwa kwenye makartoni ya glasi alizokuwa anauza.

Akaniangalia. "Ati mi ni glasi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi waambie wanibebe vizuri."

Walimbeba vizuri. Ametoka chumba cha upasuaji, anapumua, amelala. Ila sijui kama akirudi nyumbani atakubali tena nimwogeshe.