Anwani ya Zamani

Garissa,
Jumatano.

Kwa dada yangu Saynab,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepungua maumivu na mbuzi wamepata maji. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila naandika kwa haraka. Unisamehe mwandiko huu, ambao nisingeukubali kwa mwanafunzi wangu yeyote.

Nimempa dereva wa lori la sukari akukabidhi mkononi. Sikupiga simu kwa sababu simu yangu alininunulia Guleid alipokuwa bado mkwe mwema, nami sijui aliweka nini ndani yake.

Unakumbuka kwamba binti yangu Faiza, tangu ajifiche kwako baada ya Guleid kumvunja mkono, amekuwa akiomba msaada kwa shirika la wanawake la hapa. Jumatatu alifungua tovuti yao kwa simu yako, akaeleza mahali alipo ili wamtumie gari. Shirika linasema halikupokea kitu.

Iftin, fundi wao, niliyemfundisha darasa la sita, alikuja kunieleza. Kompyuta yenye tovuti ilikuwa imewekwa katika duka la Guleid, kwa kuwa umeme wake haukatiki. Walipopata habari za Faiza, wakaihamishia tovuti Nairobi, lakini kompyuta ya zamani ikabaki dukani, ikiwaka. Nilimuuliza kwa ukali iweje ujumbe upotee ilhali jina la tovuti ni lile lile. Alisema simu haijui tovuti ilipo. Huiuliza seva ya majina, yaani kompyuta inayojua kila tovuti iko wapi. Seva hiyo ikishapata jibu, hulihifadhi kwa muda uliowekwa, isisumbuke kuuliza tena. Kabla muda huo haujaisha, hutoa jibu hilo hilo, hata kama mwenye jina amekwisha kuhama. Alinikumbusha tunavyoulizana habari njiani huku kwetu: mpita njia hukuambia kwamba boma la fulani liko Banissa, kwa kuwa ndiko alikoliacha. Hasemi uongo, lakini ukifika unakuta majivu na miiba ya zizi. Alinitania kwamba seva ya huko kwenu ina kichwa kigumu kama changu. Sikucheka, maana nilielewa kwamba ujumbe wa Faiza ulikwenda kwenye kompyuta ya dukani kwa Guleid.

Nilijipa moyo kwamba Guleid hakuitazama kompyuta ile. Leo, baada ya sala ya adhuhuri, alinifuata mlangoni mwa msikiti, akaniita adeer, yaani ami, kwa upole, akauliza kama dada yangu wa Lafey bado anateka maji kwenye tangi la manjano lililo mkabala na mlango wake. Saynab, Guleid hajawahi kufika kwako. Tangi hilo Faiza alilitaja katika ujumbe ule tu. Nilirudi nyumbani moja kwa moja kukuandikia.

Ondokeni leo, wewe na Faiza. Nami naomba jambo ambalo baba hapaswi kuliomba: msiniambie mlikohamia. Sijui kusema uongo, na Guleid anajua kuusoma uso wangu. Atarudi kuuliza. Nataka nimtazame machoni, nimwambie kwamba mahali pekee ninapopajua ni Lafey, kwa Saynab.

Mwambie Faiza asiniandikie, hata akisikia kwamba naumwa. Jibu hilo la Lafey nitalishika mpaka siku atakapobisha hodi mwenyewe.

Mungu awafunike. Wassalaam.

Kaka yako,
Mwalimu Duale