Msimu Tuliolipwa Kushindwa

Mwalimu,

Tumeshuka daraja. Nimeona nikuambie mimi kabla hujasikia kwa mtu mwingine huko uliko, maana wafu kutoka Emali hawakosi, na najua wa kwanza kufika ataanza na hiyo habari hata kabla hajakusalimia.

Ulipotuacha, timu yetu ya Stesheni ilikuwa timu ya watu wenye kazi zao. Wewe ulikuwa mwalimu wa darasa la sita, mimi naziba pancha za malori kando ya barabara ya Mombasa, mwanao Kyalo anashona viatu sokoni. Tulicheza Jumamosi, tukala muthokoi ya Mama Kyalo, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, Jumatatu kila mtu akarudi kwa kazi yake. Hatukulipwa hata soda. Na tulikuwa tunashinda, Mwalimu. Tulikuwa tunashinda mpaka watu wakachoka kutushangilia.

Miezi michache baada ya kukuzika kule Kilungu tukapanda ligi ya mshahara. Ilikuwa jasho lako, lakini walioketi juu yake ni wengine. Mwenyekiti mpya alikuja na mfadhili, akaja na trakisuti za kijani, akaja na wachezaji sita kutoka Nairobi ambao hata kiatu wanafungiwa. Usifikiri mimi nilikaa kando nikihuzunika. Nilifurahi. Nilipiga picha na ile trakisuti mpaka simu ikakataa nyingine.

Halafu tukaanza kupigwa. Nyumbani tunapigwa, ugenini tunapigwa. Tulipigwa na timu ambayo kipa wao alikuwa anaongea na simu golini, haki ya Mungu. Kushinda tulishinda mara moja, na siku hiyo gari la wapinzani liliharibika Malili wakafika watu tisa. Hata hao tisa walitusumbua. Mwenyekiti akachinja mbuzi, akahutubia, akasema sasa tumeamka. Nilikula hiyo nyama, na nikikumbuka mate yananijaa mdomoni, si ya hamu.

Kupigwa si kitu. Wewe ulitufundisha kupigwa na kurudi. Kinachonichafua roho ni vile tulivyopigwa. Mtu amefungwa mabao manne anatoka uwanjani akipanga nywele. Mwingine anauliza chakula kiko wapi. Chumba cha kubadilishia nguo kikawa kinanuka manukato kuliko jasho. Na kila Jumatatu mwenyekiti anaeleza watu kwamba tunajenga timu. Tunajenga nini, na wewe uliiacha imejengwa?

Unakumbuka mawe? Najua unakumbuka. Asubuhi ya kila mechi ulitupanga mstari mmoja, kila mtu na mkebe wake wa rangi, tukainama tukitembea polepole kutoka goli hadi goli tukiokota mawe na miiba. Uwanja wetu unaujua, mvua ikipita tu mawe yanaota upya. Na sheria yako ilikuwa moja: kila mtu aokote pale atakapochezea, asimwokotee mwenzake, ili ajue ardhi yake. Wewe mwenyewe uliinama na hilo goti lako bovu. Timu za nje zilikuja zikatucheka, zikarudi kwao zimefungwa.

Wale wa Nairobi walipotuona tumeinama waliuliza kama sisi ni wafungwa. Wakasema mchezaji wa kulipwa haokoti mawe, hiyo ni kazi ya mtu wa uwanja. Mtu wa uwanja hatuna. Mwenyekiti akasema atamtafuta, na mpaka leo anamtafuta. Wiki baada ya wiki mstari ukapungua, tukabaki Kyalo na mimi. Halafu akabaki Kyalo peke yake. Niliona aibu, Mwalimu, kuinamia mawe na ile trakisuti watu wakiangalia. Mimi, ambaye siku sita za wiki niko chini ya lori na grisi mpaka kwa meno.

Tukafika mechi ya mwisho. Sare tu ingetuokoa. Asubuhi Kyalo alichambua upande wake wote wa ulinzi, magoli yote mawili, mpaka refa akamwambia atoke. Ndani ya boksi hakugusa. Boksi ni la kipa, na kipa ni mimi, na wewe ndiye uliyemfundisha hivyo.

Zilibaki dakika chache, bila kwa bila. Mpinzani akaja mbio, Kyalo akampokonya mpira safi kabisa, akanirudishia. Pasi ya polepole, Mama Kyalo angeituliza na leso begani. Mpira ukaja ukibingirika, ukagonga jiwe, ukaruka juu ya mguu wangu, ukaingia. Kisha mtu mmoja akapaza sauti kwamba Kyalo ameuza mechi, na wote wakaidaka hiyo, pamoja na wale waliokuwa wanapanga nywele. Mwenyekiti aliwaambia watu wa redio hivyo hivyo, hata jasho halijakauka.

Sasa ni wiki ya tatu. Watu wanapeleka viatu kwa fundi mwingine. Wamama waliomjua akiwa mtoto wanapita mbele ya meza yake wakiangalia nyanya. Kanisani, pale pale ulipokuwa mzee wa kanisa, wamemwambia apumzike kidogo kuongoza vijana. Apumzike! Hawa ndio waliolia kwa kaburi lako wakijirusha chini.

Mama Kyalo alinipigia simu. Siku hizi anakaa Kilungu, karibu na wewe. Hakuzunguka. "Mutinda," akasema, "hapo mahali kulikuwa na jiwe?"

Nikamwambia sikuona jiwe lolote, Mama. Akasema haya, akaniuliza kama watoto wangu wako salama.

Mwalimu, nililiona. Nililiona tukipasha misuli moto, dogo kama yai, nusu limezama. Wale wa Nairobi walikuwa karibu, nikaliruka, nikajiambia nitalitoa baadaye. Kipindi cha pili tukarudi goli lile la upande wa reli, nikaliona tena. Nikaliruka tena. Nimekutajia uchafu wa watu wote hapo juu, wa mwenyekiti, wa wachezaji, wa kanisa, lakini hakuna kati yao aliyekula ugali kwako miaka kumi kisha akamwacha mtoto wako atukanwe. Huyo ni mimi. Nikinyoa, kile kioo nakigeuza.

Jana nilienda sokoni. Kyalo alikuwa ameshika kiatu kimoja, na hicho kilikuwa chake mwenyewe. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana kukaa sikuweza. Hakuacha kushona. Akaniambia aliniona nikiruka kitu, ila hakujua ni nini mpaka mpira ulipogonga. Nikamuuliza kwa nini basi amenyamaza wiki tatu watu wakimtemea mate.

"Mama amempoteza Baba," akasema. "Nikikutaja, atakupoteza na wewe."

Hapo ndipo nilikaa, chini kabisa, kwenye vumbi la soko. Nililia hadharani kama mjinga. Yeye akaendelea na kiatu chake, akanipa tu kitambaa cha kupigia rangi, na nikajipangusa nacho hivyo hivyo.

Leo napanda Kilungu. Mama atasikia kutoka kwangu, nikiwa mbele yake, si kwa simu. Akinifukuza nitashuka nikifukuzwa. Kesho ni Jumapili, na wakati wa matangazo nitasimama kanisani niseme nililiona, mara mbili, na nikaliacha, na kwamba Kyalo hakuuza chochote. Mwenyekiti hukaa kiti cha mbele, nitahakikisha ananiangalia. Hiyo nakuahidi, Mwalimu, hata kama baada yake sitaziba pancha tena hapa Emali.

Pumzika. Na kesho wakinizomea, wewe usinionee huruma.

Kipa wako,
Mutinda