Nilimbadilishia Mke Wangu Dawa Ili Kiapo Changu Kiwe Kweli

Shangazi Philomena, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba sana usichape jina langu, kwa sababu mke wangu husoma safu hii kabla hata hajatazama matangazo ya vifo, na barua yenyewe nimeianza mara tatu nikaichana.

Mimi nina duka la vyombo hapa Babati mjini, tunaishi Maisaka, nina miaka ishirini na tatu ya ndoa na mke wangu Mama Amira na sijawahi kumnyanyulia mkono, nasema hivyo mapema ili ujue sikuwa mtu mbaya, ingawa ukimaliza kusoma sijui utaniitaje. Miaka miwili iliyopita shavu lake la kulia lilianza kumpiga kama shoti ya umeme, yaani anaongea vizuri tu, ghafla anashika uso na kunyamaza, machozi yanamtoka, baada ya muda mfupi imepita, halafu inarudi, mara ishirini mara thelathini kwa siku, akinawa uso inapiga, akipiga mswaki inapiga, baridi ya mwezi wa saba ikimgusa inapiga, akawa anatembea amejifunika khanga usoni mpaka watu wa Bagara wakadhani ni mimi nampiga. Sisi tukasema ni jino, na nani hapa asingesema ni jino? Aling'oa moja maumivu yakabaki, aling'oa la pili yakabaki, alipotaka kung'oa la tatu daktari wa meno akakataa, akasema mama, meno yako ni mazima, nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Tukasafiri hadi hospitali kubwa nje ya mkoa, daktari akamgusagusa uso kwa pamba, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, akasema ni mshipa wa fahamu wa uso, ugonjwa una jina refu ambalo sikulishika, lakini una dawa, akamwanzishia vidonge kidogokidogo akawa anamwongezea. Shangazi, wiki ya tatu mke wangu alitafuna muhindi wa kuchoma. Aliutafuna kwa upande wa kulia, akacheka, akaniambia, "Baba Amira, nilikuwa nimesahau kwamba na mimi ni mtu."

Sasa dawa yenyewe akawa anaichukulia hapahapa Babati, siku moja na foleni moja na wagonjwa wa kifafa, kwa sababu kumbe vidonge ni vilevile, vinatuliza mishipa ya fahamu, vinatumika kwa ugonjwa huu na ule. Nesi alimweleza, yeye akanieleza mimi, nikaelewa kichwani, moyoni hayakuingia. Na mwezi huohuo binti yetu Amira akaletewa posa na kijana anaitwa Tariq, watu wa Kondoa, familia ya heshima, na unajua kwetu kabla posa haijajibiwa kila upande unapeleleza ukoo wa mwenzake, kama kuna kichaa, kama kuna ukoma, kama kuna kifafa. Mshenga wao, Mzee Mujahid, akaja dukani, akaomba kuona birika, akaligeuzageuza mkononi, ndipo akasema, "Ndugu yangu, tumeambiwa mama wa binti ameonekana kwenye foleni ya dawa za kifafa. Mimi nimebisha, lakini nimetumwa."

Nilipaswa kumwekea kiti nimweleze. Lakini kulikuwa na mteja amesimama mlangoni anasikiliza, nikaona aibu, nikasema, "Wallahi, mke wangu hatumii hata kidonge kimoja cha kifafa." Mzee akafurahi, akanishika mkono, birika akalinunua.

Alipoondoka ndipo nikajua nimefanya nini, nimemtaja Mungu kwa uongo na posa ya mwanangu imesimama juu ya uongo huo. Nilikaa pale mpaka alasiri ikaadhiniwa, nikaswali, na nikiwa bado juu ya mswala likanijia wazo ambalo wakati ule niliona ni la mcha Mungu kabisa, kwamba kama mke wangu hatavitumia kweli vile vidonge, basi sijaapa uongo. Nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge vya kalsiamu, vyeupe, vya duara, ukubwa uleule. Alikuwa ametoka kuchukua dawa za miezi miwili, zipo kwenye kikopo chake jikoni, nikazimimina zote nikaweka zangu, za kweli nikazificha dukani ndani ya chupa ya chai mbovu. Nilijiambia ni mpaka siku ya ndoa tu, tena kalsiamu ni nzuri kwa mifupa.

Baada ya siku mbili aliniambia vidonge siku hizi vinaacha unga mdomoni, nikamjibu labda wamebadilisha kiwanda. Kabla wiki mbili hazijaisha shavu likampiga akiwa anachambua mchele, sinia likamtoka mikononi. Nikajua, nikanyamaza. Yakarudi yote, na mabaya kuliko mwanzo, akawa hali, anakunywa uji kwa mrija, na yeye anajilaumu mwenyewe, anasema mwili wake umeizoea dawa, nikimwambia turudi kwa daktari anasema, "Kama hii iliyokuwa inaniponya imenishinda, nyingine itafanya nini? Nimetafuta vya kutosha." Mwanamke huyu, Shangazi, miaka miwili ndiye aliyekuwa ananipa moyo mimi.

Jumapili iliyopita nilirudi nyumbani mchana kula. Nilimkuta sebuleni ameketi wima, khanga mdomoni imelowa damu, na mbele yake juu ya stuli, kwenye kipande cha gazeti, meno matatu. Alikwenda peke yake Nangara kwa mtu anayeng'oa meno nyumbani kwake, kwa kuwa hospitali walimkatalia, akamwambia ang'oe ya upande wote wa kulia, na yalipofika matatu yule mtu mwenyewe akaogopa akaacha. Niliinama nikayatazama, meupe, mazima, hayana hata tundu moja. Mke wangu akasema kwa shida kwamba ameona dawa imeshindwa, basi daktari alikosea, ugonjwa ulikuwa meno tangu mwanzo. Halafu akasema, "Amira akishaolewa, na mimi nipumzike." Sikumuuliza apumzike wapi. Nilikaa chini sakafuni, kwa sababu meno yale nimeyang'oa mimi.

Tangu nibadilishe vidonge ni zaidi ya mwezi sasa, na ndoa imebaki wiki tatu. Nimefikiria nivirudishe vile vidonge kimyakimya kwenye kikopo, atapona, ataamini dawa imemkubali tena, ndoa itapita na hakuna atakayeumia. Nikimwambia ukweli ataondoka, Amira atajua, Kondoa watajua. Mimi naona hiyo ya kimyakimya ndiyo njia ya huruma, naomba uniunge mkono, nami nitaifuata leoleo.

Mimi niliyeapa, Babati.
(Majina yote tumeyabadilisha.)

SHANGAZI PHILOMENA ANAJIBU

Marahaba, Baba Amira, ingawa leo nimeitikia kwa tabu. Nina miaka kumi na moja kwenye safu hii. Nimeandikiwa na waume waliooa kwa siri na wake walioweka rehani nyumba za wakwe, na nilidhani nimezoea. Barua yako niliiweka mezani nikatoka nikasimama uani, na niliporudi meno yale matatu bado yalikuwa palepale.

Wasomaji wajue kwamba uliacha namba ya simu, na kwamba sikusubiri gazeti. Nilikupigia siku barua ilipofika, kwa ajili ya neno moja tu, "nipumzike". Mtu mwenye maumivu ya namna hiyo akisema hivyo, haachwi aseme halafu watu wakaendelea na chakula. Nilikuagiza umuulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, vidonda visafishwe na daktari aambiwe alichosema. Baadaye ulinijibu umefanya yote matatu, amekiri kwamba mawazo hayo yamekuwa yakimjia, na dada yake Sabaha amehamia kwenu kukaa naye. Hapo nakushukuru. Nilipokuuliza kuhusu vidonge ulisema unangoja nijibu gazetini. Haya, najibu.

Sikuungi mkono.

Kwanza, usivirudishe vile vidonge. Nimemuuliza mfamasia kabla ya kuandika. Dawa hiyo mgonjwa huanzishwa kidogokidogo na hupunguziwa kidogokidogo, na haikatizwi ghafla kama ulivyofanya wewe. Leo amekaa zaidi ya mwezi bila kuinywa, na ukimrudishia ghafla kipimo kile kikubwa unaweza kumdhuru mara ya pili, naye asijue kinachomdhuru ni nini. Vilivyo kwenye chupa ya chai vipeleke kwa daktari vilevile ulivyovificha, ukae mbele yake umweleze kila kitu, na yeye ndiye aseme aanze na ngapi. Daktari anayeamini dawa imeshindwa ataandika dawa nyingine kali zaidi, au atazungumzia upasuaji, kwa ugonjwa ambao dawa ya kwanza ilikuwa inautuliza. Umeshawadanganya wawili, mke na mshenga. Usimwongeze na daktari.

Pili, acha kuiita huruma. Huruma ingekuwa kumwekea Mzee Mujahid kiti. Uliogopa kusema uongo mbele ya Mungu, ukaona bora mja wake ateseke ili kauli yako ikae sawa. Toba ya kiapo kaiulize kwa sheikh wako, mimi si mjuzi wa hayo, ila sidhani kama atakwambia inalipwa kwa shavu la mwanamke. Na hebu niambie, huyo mke angekuwa na kifafa kweli ungefanyaje? Ungemnyima dawa akaanguka jikoni? Kifafa ni ugonjwa kama kisukari. Hakiambukizi, hakimwondolei mtu heshima, na foleni ile uliyoionea aibu imejaa watu wenye akili kuliko sisi wawili, kwa sababu wao wameamua kunywa dawa yao.

Kuhusu ndoa, mwite Mzee Mujahid mwambie, "Niliapa kwa aibu. Mke wangu anaumwa mshipa wa uso, dawa yake ni hii, na nesi yupo wa kukueleza." Mzee aliyebisha kwa ajili yenu kabla hajakuuliza, huyo ni mtu wa kuambiwa ukweli. Wakivunja posa, Amira atalia, na kulia kutaisha. Lakini muulize Amira mwenyewe kwanza. Sijaona popote kwenye barua yako mahali ulipomuuliza kama anataka harusi inayogharimu mdomo wa mama yake.

Sasa Mama Amira. Anaweza kuondoka, ndiyo. Akitaka kwenda kwa ndugu zake mpelekee sanduku mlangoni na usimtumie wazee wa kumbembeleza. Atakapokuuliza maswali jibu moja moja, na usiseme shetani alikupitia, maana shetani hakwenda duka la dawa kuchagua vidonge vya ukubwa uleule. Kliniki utampeleka wewe au Sabaha, atakavyochagua yeye, na usimame naye kwenye foleni ileile mchana kweupe.

Na hata dawa hii ikija kuchoka kweli siku moja, daktari ana nyingine, na zaidi ya hizo ana njia nyingine. Ugonjwa huu hurudi na kutulia, na wapo wanaoishi nao miaka mingi wakila, wakicheka, wakiozesha watoto wao. Hilo mwambie pia, lakini mwishoni, baada ya lile kubwa.

Gazeti linafika Babati Jumamosi asubuhi, na umesema mwenyewe anaanzia ukurasa gani. Majina nimebadilisha, lakini hakuna mwanamke atakayesoma habari za sinia la mchele na meno kwenye kipande cha gazeti asijijue. Nakutumia jibu hili leo Alhamisi, una siku moja.

Unaogopa kwamba utakwenda kumpa habari mbaya. Kwako ni mbaya. Lakini yeye amekaa hapo anaamini kwamba alipata dawa ikamkataa, kwamba mwili wake hauponi tena, na kwa imani hiyo amejing'oa meno na anajiaga. Mwili wake haukukataa kitu. Ulikuwa unapona, mpaka wewe ulipoingiza mkono kwenye kikopo. Tumaini la mke wako lipo, ni zima, na kwa mwezi mzima wewe ndiye umelikalia. Inuka umpe.