Chumba Nilichosema Hakina Mtu

Mpendwa Bi Moza, shikamoo. Naomba unisaidie maana hata chakula hakipiti, mimi naitwa Badria, nakaa Kariakoo upande wa Msimbazi kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, na tangu baba afariki mama amekaa eda chumbani kwake, haonani na wanaume wa nje, sasa kaka yangu Khalfani akaona huu ndio wakati wa kukarabati, mbele tutoe fremu za maduka kama majirani, benki ikataka kwanza mthamini aje aseme nyumba ina thamani gani kabla na baada ya ukarabati, basi akaja kijana mstaarabu na futi yake, akapima vyumba, akagonga kuta, akapiga picha, alipofika mlango wa mama akauliza, "Dada, humu kuna nani?" nami nikaona aibu kumweleza mambo ya eda, nikaogopa pia atadhani nyumba ina mgogoro wa mirathi, nikamjibu, "Humo hamna mtu, ni stoo tu."

Bi Moza, nyumba zetu hizi unazijua, hazina dari, ukinong'ona huku kule wanasikia. Nilipompelekea mama chai aliniambia taratibu, "Mwanangu, eda ikiisha nitaenda kwa mdogo wangu Mafia. Msihangaike na stoo." Mimi nililia, yeye hakulia. Ramani imeshatoka, chumba chake kimekuwa duka la vitenge, Khalfani anafurahi, na mama tangu siku ile mtu akipiga hodi anajizuia hata kukohoa, namsikia anakimeza kikohozi, inaniuma sana. Nifanye nini?

Badria, Kariakoo

Marahaba, Badria, na pole kwa msiba. Nimekuonea huruma, na nimekukasirikia pia. Mama mzazi eti stoo! Aibu iko wapi hapo? Mthamini wa Dar es Salaam asiyejua eda ni nini bado hajazaliwa. Ungemwambia tu, angekupa pole, akaja siku nyingine na mwenzake wa kike. Wewe ukamfuta mama kwenye nyumba yake, naye amekutii mpaka kwenye kikohozi.

Sasa sikiliza. Khalfani asimamishe kila kitu. Mirathi ifunguliwe kwanza, na mama ana fungu lake humo, si mpangaji. Thamani mliyopewa ni ya uongo, imehesabu stoo ambayo haipo. Mpigie huyo kijana, mwambie ulimdanganya, aje kupima upya eda ikiisha. Ramani ianze na chumba cha mama, maduka yatafuata kama nafasi ipo.

Lakini kabla ya simu, ingia kwa mama leo hii. Usijitetee. Mwambie umekosea, na usimwombe asahau, kwa sababu hatasahau. Hamishia godoro lako humo, ulale naye, akohoe atakavyo.

Na siku mthamini akirudi, akauliza tena humo kuna nani, wewe nyamaza. Mwache mama afungue mlango mwenyewe.